Mwenye njia ndiye mwenye mukuba: meli za CMB na milango ya bahari ya Katanga

KOLWEZI, LUALABA. – Jimbo la Lualaba halina bahari. Kutoka Kolwezi mpaka Lobito, bandari ya Angola kwenye Bahari ya Atlantiki, ni karibu kilomita 1,700. Dar es Salaam, Beira na Durban ziko mbali zaidi. Tangu shaba ya kwanza iyeyushwe katika tanuru la Lubumbashi mwaka 1911, maswali hayajabadilika: mukuba utapita wapi, na nani atalipwa kwa kuupitisha?

Maswali hayo yamerudi mjini. Treni za mizigo za kwenda Lobito zimeanza tena, mikataba ya mamilioni ya dola inatiwa sahihi ng'ambo, na hapa Kolwezi familia zilizojenga karibu na reli, hasa katika mtaa wa Bel-Air, zinauliza kama zitabaki au zitahamishwa. Wengi wanaona ni jambo jipya. Lakini njia hii ina historia ya zaidi ya miaka 100, na katikati ya historia hiyo kuna kampuni moja ya meli ambayo vijana wa leo hawaijui kwa jina: Compagnie Maritime Belge, yaani CMB, ya mji wa Antwerp nchini Ubelgiji. Anayeielewa CMB ataelewa pia kinachotokea sasa.

Meli ya kwanza, 1895

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1895 ikiitwa Compagnie Belge Maritime du Congo. Mfalme Leopold II ndiye aliyeitaka. Alikuwa ameshika nchi kubwa katikati ya Afrika, lakini Ubelgiji haikuwa na meli za kwenda huko kwa ratiba. Fedha nyingi na utaalamu vilitoka kwa wenye meli wa Uingereza na Ujerumani, hasa kampuni ya Elder Dempster ya Liverpool na ile ya Woermann ya Hamburg. Tarehe 6 Februari 1895, meli ya kwanza, Léopoldville, ilitoka Antwerp kuelekea mlango wa mto Kongo.

Wakati huo bandari ya Matadi ilikuwa bado haina reli kamili. Juu ya Matadi mto umejaa maporomoko, na mizigo ilibebwa vichwani kwa siku nyingi mpaka bwawa la Malebo. Reli ya Matadi–Léopoldville ilijengwa kuanzia 1890 hadi 1898. Kwa hesabu za wakoloni wenyewe, Waafrika 1,800 na Wazungu 132 walikufa katika ujenzi huo. Reli ilipokwisha, meli za Antwerp zilipata mlango wa kweli wa kuingia Kongo, na biashara ikakua haraka.

Kampuni ya namna hiyo hula pande kadhaa. Kwanza kuna nauli ya mizigo: meli ikienda hubeba mashine, saruji, vyuma vya reli, nguo na chakula cha Wazungu, ikirudi hubeba mazao na madini. Pili kuna abiria. Tatu, tena faida hii haionekani sana, kuna kazi ya uwakala bandarini: kupakua na kupakia, kukodisha ghala, kuandika hati za shehena, kugomboa mizigo forodhani na kuikabidhi kwa treni. Meli ikikosa mzigo hupata hasara. Wakala wa bandari hulipwa na kila anayepita, awe anapata faida au anapata hasara.

Karani aliyesoma mizigo

Vitabu vya meli hizo ndivyo vilivyokuja kufichua uovu wa Leopold. Katika ofisi za Elder Dempster kulikuwa na karani kijana, Edmund Morel. Kwa sababu alijua Kifaransa, alitumwa mara kwa mara Antwerp kusimamia hesabu za meli za Kongo. Akaanza kulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Meli zilirudi zimejaa mpira na pembe za ndovu zenye thamani kubwa. Zilipokwenda Kongo, shehena yake ilikuwa kwa sehemu kubwa bunduki, risasi na vitu vya maofisa. Bidhaa za kuwalipa watu waliochuma mpira ule karibu hazikuwapo.

Morel alifika kwenye jibu moja tu: mpira haukuwa unanunuliwa, ulikuwa unanyang'anywa kwa nguvu. Mkubwa wake wa kazi, Alfred Jones, alikuwa pia konseli wa heshima wa Dola Huru la Kongo mjini Liverpool, na hakutaka kusikia. Mwaka 1901 Morel aliacha kazi akaanza kuandika magazetini. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha chama cha kutetea watu wa Kongo. Kelele zile, pamoja na ushahidi wa wamisionari na wa Roger Casement, zilimlazimisha Leopold kuiachia nchi mikononi mwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Bila kwenda Kongo, Morel aliujua ukweli wa Kongo kwa kusoma nini kinapanda melini na nini kinashuka. Njia hiyo ya kuchunguza bado inafaa leo kwa yeyote anayetaka kujua mukuba wa Lualaba unamnufaisha nani.

Nyumba moja: mgodi, reli, meli na kiwanda

Mwaka 1906, ndani ya wiki chache, makampuni matatu makubwa yalizaliwa. Union Minière du Haut-Katanga ilipewa shaba. BCK, kampuni ya reli ya Bas-Congo mpaka Katanga, ilipewa kazi ya kujenga njia. Forminière ilipewa almasi za Kasai. Nyuma ya yote matatu ulikuwapo mkono wa Société Générale de Belgique, nyumba kubwa ya fedha ya Brussels. Katika Union Minière ilishirikiana na Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams, Mskoti aliyepata haki za kutafuta madini Katanga.

Miaka ilivyokwenda, kampuni ya meli ya Antwerp nayo iliingia katika ukoo huo wa Société Générale. Mwaka 1930 iliungana na Lloyd Royal Belge na kuchukua jina la Compagnie Maritime Belge. Meli zake za abiria zilibeba majina ya miji ya Kongo: Albertville, ambayo leo ni Kalemie, Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na baadaye Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Ndani ya meli hizo walifanya kazi mabaharia wengi Wakongo. Mwaka 1944, siku ya mkesha wa Noeli, meli nyingine ya CMB yenye jina la Léopoldville ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na Cherbourg, Ufaransa. Askari wa Marekani zaidi ya 750 walikufa, na mabaharia Wakongo walikuwamo katika safari hiyo.

Ukiyaweka hayo pamoja, picha inakuwa wazi. Shaba ilichimbwa na Union Minière, ikabebwa na treni ya BCK, ikapanda meli ya CMB, ikasafishwa katika viwanda vya Hoboken na Olen karibu na Antwerp. Nyumba moja ya fedha ilikuwa na hisa katika kila hatua. Kama nauli ilipanda, mgodi ulionekana umepata faida ndogo, lakini fedha hazikutoka nje ya nyumba. Chifu wa kijiji kilichohamishwa, au mfanyakazi aliyelala kambini, angeona hatua moja tu ya safari hiyo. Zile nyingine zilikuwa mbali na macho yake.

Njia ya Taifa na njia ya Lobito

Reli ya kwanza kufika Katanga haikutoka Kongo. Ilitoka kusini, kupitia Rhodesia, ikafika Elisabethville mwaka 1910. Kwa hiyo shaba ya kwanza ilitoka kwa njia ya Waingereza mpaka Beira, Msumbiji. Wabelgiji hawakufurahi kuona mali yao inapita kwa mikono ya wengine. Reli ya BCK ilifika Bukama mwaka 1918, kisha ikaendelezwa kupitia Kamina na Kasai mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Ilikamilika mwaka 1928.

Hiyo ndiyo iliyoitwa Njia ya Taifa. Shaba ilipakiwa kwenye treni mpaka Ilebo, ikapakuliwa na kuwekwa katika matishari, ikateremka mto Kasai na mto Kongo mpaka Léopoldville, ikapakuliwa tena na kupanda treni ya Matadi, halafu ndipo ikapanda meli. Ilikuwa njia ndefu na ya taabu, ya zaidi ya kilomita 2,500. Lakini kila hatua ililipwa kwa kampuni ya Kibelgiji, na mwisho wake ulikuwa gati la Matadi ambako meli za CMB zilisubiri.

Wakati huohuo Robert Williams alikuwa na mpango mwingine. Mwaka 1902 alipata kwa Wareno haki ya miaka 99 ya kujenga na kuendesha reli kutoka pwani ya Lobito mpaka mpaka wa Kongo. Kazi ilianza mwaka 1903 ikachukua karibu miaka 30, kwa sababu ya vita, ukosefu wa fedha na siasa. Reli ya Benguela ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,300 ndani ya Angola peke yake. Upande wa Kongo ilijengwa njia ya Tenke mpaka Dilolo, kilomita zaidi ya 500, na mwaka 1931 pande mbili ziliunganishwa. Mji wa Kolwezi uko juu ya njia hiyo. Ni vizuri kukumbuka mpangilio wa miaka: reli ilipita hapa mwaka 1931, na mji ukaanzishwa na Union Minière mwaka 1937.

Kwa umbali, Lobito ilikuwa njia fupi kabisa. Ramani ilionyesha hivyo na kila mhandisi alijua. Lakini ilifunguliwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia, bei ya shaba ikiwa chini, na Wabelgiji waliendelea kuisukuma shaba kwenye Njia ya Taifa kwa kupanga nauli. Njia fupi ilipata sehemu yake, na meli za CMB zilitia nanga Lobito pia, lakini haikuachwa ishinde.

Mwaka 1940, Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji, Lobito ilipitisha mzigo mmoja ambao ulibadilisha dunia. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière aliyekuwa amehamia New York, aliagiza tani karibu 1,200 za madini ya urani kutoka Shinkolobwe zipelekwe Marekani kimyakimya. Zilipita Lobito, zikavuka bahari, zikawekwa katika mapipa kwenye ghala la Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilizinunua kwa kazi ya bomu la atomiki. Watu waliochimba madini yale Shinkolobwe, na waliyoyapakia njiani, hawakuambiwa walikuwa wanabeba nini.

Faranga moja kwa mwaka

Katanga ilikuwa na mlango mwingine wa bahari, upande wa mashariki, katika nchi ya Waswahili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari Wakongo wa Force Publique waliteka Kigoma na Tabora mwaka 1916 kutoka kwa Wajerumani. Vita ilipokwisha, Uingereza ilichukua Tanganyika na Ubelgiji ikabaki na Ruanda-Urundi. Lakini Wabelgiji walidai pia njia ya kufika Bahari ya Hindi. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921, Uingereza iliwapa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila mwisho.

Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ilishushwa Dar es Salaam katika eneo la Wabelgiji, ikapanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, ikaingia eneo lao lingine, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, kisha ikachukua reli mpaka Kabalo kwenye mto Lualaba. Kabla reli ya Kabalo–Kamina haijakamilika mwaka 1956, mzigo wa Katanga ulipaswa kupanda tena chombo cha mto mpaka Bukama. Shirika lililokuja kuziendesha Belbase lilikuwa AMI, Agence Maritime Internationale, wakala wa ukoo wa CMB. Kwa namna hiyo kampuni ya Antwerp iliweka mguu katika bahari mbili, Atlantiki na Hindi.

Aliyepinga mkataba huo kwa sauti kubwa alikuwa Julius Nyerere. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, aliliambia bunge kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na upangaji wa ardhi yake usio na mwisho, uliotiwa sahihi na mtawala wa muda. Wanasheria wa mataifa wanaujua msimamo huo mpaka leo kama fundisho la Nyerere: nchi inayopata uhuru ina haki ya kuchagua ni mikataba ipi ya mkoloni itaifuata. Kazi za Belbase hazikusimama siku ile. Ziliendelea kwa miaka mingi, kwa sababu mizigo ya majirani ilihitaji kupita. Lakini swali lilikuwa limeulizwa hadharani na mwenye nchi: ni nani aliyekubali, na kwa faida ya nani?

Kuchukua mgodi bila njia

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Katanga ilijitenga siku 11 baadaye. Moïse Tshombe aliweza kusimama zaidi ya miaka miwili kwa sababu, pamoja na msaada wa Wabelgiji, alikuwa na njia za kutokea: reli ya kusini kupitia Rhodesia na reli ya Lobito. Njia ya Taifa ilikatika, shaba ikaendelea kutoka, na kodi ya Union Minière ikaingia Elisabethville badala ya Léopoldville. Kolwezi ulikuwa mji wa mwisho wa Katanga kukabidhiwa kwa askari wa Umoja wa Mataifa, mwezi Januari 1963.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu iliichukua Union Minière, na kampuni iliyozaliwa ndiyo Gécamines. Watu walishangilia. Lakini ndani ya wiki chache serikali ilikuta kwamba kuwa na mgodi hakutoshi. Waliojua kuuza, kusafirisha, kusafisha na kutafuta wanunuzi walikuwa walewale. Mwezi Februari 1967 ilitiwa sahihi mikataba na Société Générale des Minerais, tawi jingine la ukoo uleule, ili isimamie kazi na kuuza shaba kwa malipo ya asilimia ya mapato. Ni mwaka 1974 tu ndipo serikali iliunda SOZACOM kuuza madini yenyewe, na shirika hilo lilivunjwa miaka kumi baadaye.

Upande wa meli ilikuwa hivyohivyo. Kinshasa iliunda kampuni yake ya meli, iliyokuja kuitwa Compagnie Maritime Zaïroise. Ilikuwa fahari ya taifa kuona bendera ya Zaïre Antwerp. Lakini madeni na usimamizi mbaya viliila, na meli zake ziliondoka moja baada ya nyingine. Jina lake la leo ni Lignes Maritimes Congolaises.

Reli iliponyamaza

Mwezi Agosti 1975, vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Angola viliifunga reli ya Benguela kwa mizigo ya Kongo na Zambia. Madaraja yalilipuliwa, mabomu ya ardhini yakafukiwa kando ya njia. Vita hivyo vilifika mpaka hapa: mwezi Machi 1977, na tena Mei 1978, wapiganaji wa FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola, waliingia Shaba. Kolwezi ulilipa kwa damu nyingi mwezi ule wa Mei.

Gécamines ilibaki na Njia ya Taifa iliyochakaa na njia za kusini mpaka Afrika Kusini. Reli ya Tazara, iliyojengwa na Wachina kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi na kumalizika mwaka 1975, nayo ilisaidia. Nauli zilikula mapato. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 470,000 za shaba. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na nchi kuyumba, mwaka 1993 haikufika hata tani 50,000.

Katika miaka hiyohiyo stesheni za treni za Likasi na Kolwezi zilipata kazi ambayo hakuna aliyezijenga kwa ajili yake. Kuanzia Agosti 1992 mjini Likasi, na Machi 1993 mjini Kolwezi, familia za asili ya Kasai zilifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala stesheni kwa majuma na miezi, chini ya turubai, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Watoto na wazee walikufa hapo kwa njaa, surua na magonjwa ya kuhara, na wengine walikufa ndani ya mabehewa. Wengi wa watu hao walizaliwa hapa. Babu zao waliletwa kufanya kazi ya Union Minière na ya BCK, kwa reli hiyohiyo. Waliowaleta waliandika mikataba ya kazi. Walipoondoshwa hakuna aliyeandika fidia. Zipo familia zinazosoma habari hii ambazo bado zinasubiri mtu aulize juu ya nyumba walizoziacha.

Nao wenye meli walikuwa wakiondoka kwa utaratibu wao. Mwaka 1991 Société Générale iliiuza CMB kwa familia ya Saverys ya Ubelgiji. Kampuni ipo mpaka leo Antwerp, ikiendesha meli katika bahari zote, na Kongo si moyo wa biashara yake tena. AMI iliingia mikononi mwa kundi la Bolloré la Ufaransa, ambalo nchini Tanzania lilifanya kazi kwa jina la SDV AMI.

Wenye njia wa leo

Haki ya miaka 99 ya reli ya Benguela iliisha mwaka 2001, na Angola ikaichukua. Wachina waliijenga upya, na mwaka 2015 ilizinduliwa tena mpaka Luau, mpakani na Dilolo. Mwaka 2022 Angola iliitoa tena kwa mkataba wa miaka 30, kwa kampuni iitwayo Lobito Atlantic Railway. Wenyewe ni Trafigura, wafanyabiashara wakubwa wa madini na mafuta duniani. Mota-Engil, wajenzi wa Ureno. Na Vecturis, waendeshaji wa reli kutoka Ubelgiji. Walianza kazi mwaka 2023. Mwisho wa mwaka huo shaba ya Kamoa-Kakula ilipakiwa kwa majaribio kuelekea Lobito. Mwezi Desemba 2024 Joe Biden, rais wa Marekani wakati huo, alifika Lobito mwenyewe.

Gati la kontena na mizigo mchanganyiko la Lobito limekabidhiwa kwa Africa Global Logistics. Hiyo ndiyo iliyokuwa Bolloré Africa Logistics kabla ya kununuliwa na MSC, kampuni kubwa ya meli yenye makao Geneva. Kwa hiyo uzi haujakatika: kutoka CMB mpaka AMI, kutoka AMI mpaka Bolloré, kutoka Bolloré mpaka MSC.

Linganisha sasa na zamani. Trafigura hununua na kuuza shaba, na tena ina sehemu kubwa ya reli inayoibeba. MSC ina meli, na tena ina gati zinapofunga. Ukoo wa Société Générale ulifanya vivyo hivyo. Hilo peke yake si kosa. Mwekezaji mwenye mzigo wake ana sababu nzuri ya kuitunza njia, na njia fupi inaweza kupunguza malori barabarani, vumbi na ajali za Kasumbalesa. Lakini anayeshika njia ndiye anayepanga bei ya kupita, na bei hiyo hukatwa katika thamani ya madini kabla kodi haijahesabiwa. Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024, ya pili duniani baada ya Chile. Kiasi kinachobaki nchini hutegemea hesabu za njiani kama vile kinavyotegemea bei ya soko la London.

Upande wa Kongo, reli ya Dilolo–Kolwezi–Tenke ni ya SNCC, mrithi wa BCK. Sehemu hiyo ndiyo mbovu zaidi, na ndiyo inayosubiri fedha za matengenezo.

Waliojenga kando ya reli

Hapo ndipo Bel-Air inaingia. Katika miaka mingi ambayo treni zilikuwa adimu, mji ulikua. Migodi ilisukuma watu kutoka mitaa mingine. Watu wakanunua viwanja pale walipopata, pengine hatua chache kutoka kwenye reli. Mwaka 2023 shirika la Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walieleza jinsi wakaaji wa maeneo ya migodi walivyoondolewa bila kufuata sheria vizuri. Mwaka 2025 shirika la Global Witness lilionya kwamba matengenezo ya reli ya Lobito yanaweza kuwahamisha maelfu ya watu mjini Kolwezi. Kwa familia iliyokwisha kuhamishwa mara moja na mgodi, hii ingekuwa mara ya pili.

Sheria ipo. Ibara ya 34 ya Katiba inasema kwamba hakuna anayenyang'anywa mali yake isipokuwa kwa faida ya umma, na kwa fidia ya haki inayotangulia. Neno hilo "inayotangulia" lina uzito: fidia kwanza, kubomoa baadaye. Sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza utaratibu wa kufuatwa. Ubishi mkubwa utakuwa juu ya nani anahesabiwa kuwa mwenye mali, kwa kuwa upana wa eneo la reli na karatasi za viwanja havisemi jambo moja kila mahali. Kwa hiyo familia zinafanya vizuri kutunza hati za kiwanja, risiti za kodi, picha za nyumba na orodha ya watu wanaokaa ndani yake, na kuomba kwa maandishi, kwa meya na kwa SNCC, ramani inayoonyesha mpaka wa reli.

Mwaka 1921 wakuu wawili walikubaliana juu ya ardhi ya Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja, na ilichukua miaka 40 kabla mtu wa nchi ile kusimama bungeni kuuliza. Mwaka 1940 mapipa ya Shinkolobwe yalipita bila neno. Mwaka 1993 watu walipakiwa kwenye mabehewa bila karatasi yoyote. Mkataba wa Lobito una miaka 30, na uko mwanzoni. Watu wa Bel-Air bado wako majumbani mwao, na kuuliza sasa kuna faida kuliko kuuliza baada ya matingatinga kupita.